Njia ya Kishushe na Misitu Miwili

Ukisimama Kishushe wakati wa alfajiri, jua likiwa bado limejificha nyuma ya milima ya Taita, utaona juu ya vilele kitu kama kilemba cheusi. Huo ni msitu. Kukipambazuka rangi yake hugeuka kijani, na wingu jeupe hulala juu yake hata saa tatu au saa nne. Watu wa nyika hulitazama wingu hilo kama mvuvi atazamavyo upepo, maana mito midogo inayowateremkia huanzia huko liliko.

Kutoka chini, msitu ule huonekana kuwa mmoja. Nami nilipokuwa mtoto nilidhani hivyo. Njia ya miguu ndiyo iliyonifunza kwamba kule juu kuna misitu miwili, tena kwamba mmoja umeketi mahali pa mwenzake. Basi nakuomba, ewe msomaji kijana, upande nami polepole. Mambo mengi ya zamani ya mahali hapa hayakuandikwa vitabuni, lakini nyayo zimeyaandika, na asiyepanda kwa miguu hawezi kuyasoma.

Kishushe iko chini ya milima, upande wa kaskazini-magharibi, katika nyika ambayo mahali pengi haipiti mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya mibuyu na migunga, yenye vumbi jekundu na mawe meusi mazito yenye madini ya chuma, ambayo yamechimbwa katika karne hii. Upande wa machweo kuna mbuga ya Tsavo, na usiku tembo huvuka mpaka wakaingia katika mahindi ya watu. Njia yetu inaipa mbuga kisogo. Inaanza tambarare, ikipita kati ya mashamba, kisha inashika ubavu wa mlima kuelekea nchi za juu za Mwanda na Mghange. Kwa kijana mwenye miguu mizima ni safari ya nusu siku. Kwa mwalimu aliyezoea kuketi ni zaidi kidogo.

Huenda ukauliza ni nani aliyeikata njia hii. Jibu ni kwamba tumbo ndilo lililoikata. Wadawida wa zamani hawakuweka matumaini yao yote katika shamba moja. Jamaa moja ilikuwa na kipande cha ardhi juu kwenye baridi, kingine katikati ya mlima, na kingine chini nyikani. Juu walipanda vyakula vipendavyo unyevu, na chini walipanda nafaka zistahimilizo jua, wakachunga mifugo na kuwinda. Mvua ikikosa chini, juu huenda pakawa na kitu. Na juu pakiharibika kwa baridi na ukungu, chini huenda kukasalia. Kwa hiyo watu walipanda na kushuka mwaka mzima wakiwa na vikapu migongoni. Waliteremsha maji pia. Walichimba mifereji kando ya miteremko, wakayaongoza maji kwa ufundi mkubwa kutoka vijito vya msituni mpaka mashambani, na mahali pengine njia na mfereji vilikwenda sambamba kama ndugu wawili.

Mpango huo haukuwa kinga kamili. Katika miaka ya 1880 iliingia njaa kuu ambayo Wataita wanaikumbuka hadi leo kwa jina la Mwakisenge, na watu wengi walitawanyika wakitafuta chakula nchi za mbali. Waliosalia walirudi katika mpango ule ule wa mashamba ya juu na ya chini, kwa kuwa hawakujua mwingine uliokuwa bora.

Tukiisha kupanda saa mbili hivi, upepo unabadilika. Hapo zamani msafiri alifika mahali ambapo njia haikuingia msituni moja kwa moja, bali iliuzunguka. Sababu yake ni fighi. Fighi ni kichaka au msitu mtakatifu uliotunzwa na wazee wa ujirani, na dawa zake ziliaminika kuilinda nchi dhidi ya maadui, maradhi na ukame. Mtu hakukata mti humo, wala hakuchoma mkaa, wala hakuingia bila shughuli iliyoruhusiwa. Aliyevunja mwiko alitozwa mnyama wa kafara. Vivyo hivyo yalikuwapo mapango ambamo mafuvu ya wahenga yaliwekwa kwa heshima baada ya miaka kadhaa ya maziko. Hata leo mapango ya namna hiyo yapo, na ukiyafikia, msomaji, usiguse kitu.

Usidhani kwamba wazee hao walikuwa wataalamu wa misitu kama tunavyowajua siku hizi. Waliilinda fighi kwa sababu ya wahenga na usalama wa watu wao. Hata hivyo miti ilisimama, na chini ya miti chemchemi hazikufungwa. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya dini ilitunza maji.

Wageni walianza kuiona milima hii na kuandika habari zake katikati ya karne ya 19. Mwaka 1847 mmisionari Johannes Rebmann alitoka pwani akafika Kasigau. Mwaka uliofuata alirudi akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara aliyezifahamu njia za bara, akapita upande wa Bura, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji. Wataalamu wengine wa Ulaya waliokuwa wameketi majumbani mwao walikataa kuamini. Vitabu vingi humsifu Rebmann, na anastahili, lakini humtaja Bwana Kheri kwa sentensi moja tu. Mzungu yule hakuvumbua njia yoyote. Alipita katika njia zilizokwisha kutengenezwa na nyayo za wafanya biashara na wenyeji, akionyeshwa maji yalipo na milima inaitwaje.

Sasa tumepanda vya kutosha kuweza kugeuka na kutazama nyuma. Nyika imetandaa kama bahari. Kule Sagalla, juu ya mji wa Voi, kumesimama mlima peke yake. Kasigau iko mbali zaidi, nayo peke yake. Mbololo imetengwa na Dawida kwa bonde la Paranga. Wataalamu wa elimu ya viumbe wanasema kwamba misitu ya vilele hivi ni visiwa. Bahari yake ni nyika kavu, na kiumbe aliyezoea ukungu hawezi kuivuka, kama vile kuku asivyoweza kuvuka mlango wa Kilindini. Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ya milima ya kale ambayo inaendelea Tanzania kupitia Upare, Usambara na Uluguru mpaka Udzungwa na Mahenge. Unyevu wa Bahari ya Hindi umeilisha misitu hiyo kwa muda mrefu mno, na viumbe waliofungiwa humo wamekuwa wa aina zao wenyewe.

Ndiyo sababu Mbololo kuna ua dogo la zambarau, lenye nasaba na maua ambayo watu wa Ulaya huyaotesha katika vyungu madirishani, lakini aina hii haioti porini mahali pengine popote duniani. Wataalamu waliliandika kwa jina lake mwaka 1958. Ndiyo sababu pia kuna ndege mwenye kichwa na kifua vyeusi, tumbo jeupe, ubavu wa rangi ya kutu na mdomo wa rangi ya chungwa, anayeokota wadudu chini ya majani makavu katika misitu ya Mbololo, Ngangao na Chawia tu. Elimu ilimpa jina la Mmarekani, Edmund Heller. Huenda wawindaji wa Dawida walikuwa wamemwona miaka elfu kabla ya Heller.

Tukumbuke basi kwamba mwanzoni kila kilele kilikuwa na msitu mpana. Nani aliupunguza? Watu wengi hujibu upesi kwamba ni wenyeji, kwa ujinga na shoka. Jibu hilo nililisikia hata darasani, na kwa muda fulani nililifundisha. Leo naona kwamba ni nusu ya habari, na nusu iliyosahauliwa iko chini nyikani, kule tulikotoka asubuhi.

Reli ilipita Voi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Baada yake walikuja wenye mashamba makubwa, na nchi nzuri ya chini, upande wa Voi, Mwatate na Taveta, ikawa ya mkonge. Wataita walilalamika. Mwaka 1939 waliunda chama chao, Taita Hills Association, na Mengo Woresha alikuwa miongoni mwa viongozi wake; serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1940 na kuwatia viongozi kizuizini. Kisha tarehe 1 Aprili 1948 ilitangazwa mbuga ya taifa ya Tsavo. Leo hii mbuga za Tsavo zinachukua zaidi ya nusu ya ardhi yote ya kaunti ya Taita Taveta. Wanyama walipata makao, na dunia imefaidi. Lakini kwa Mdawida wa wakati ule maana yake ilikuwa kwamba ile njia ya kushuka nyikani kuwinda, kuchunga na kulima ilikwisha ghafula penye alama ya mpaka.

Yule mkulima mwenye mashamba matatu sasa amebaki na moja au mawili. Watoto wake wanaongezeka. Hawezi kwenda chini, basi anakwenda juu. Shoka lililoukata msitu lilishikwa na mkono wa mwenyeji, ni kweli, lakini lilisukumwa kutoka chini. Wakati huo huo dini mpya na shule vilikuwa vimewaondolea vijana hofu ya fighi. Wamisionari wa Kiingereza walifika Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakajenga Bura mwaka 1892. Mimi ni mtoto wa shule hizo, na sisemi haya kwa kuzilaumu. Ila mwiko ulipoondoka, hapakuwa na kitu kingine kilichowekwa upesi mahali pake.

Kilichowekwa baadaye ni msonobari.

Katika miaka ya 1950 na iliyofuata, vilele vilivyokwisha kuwa vipara na miteremko iliyokuwa ikimomonyoka ilipandwa miti ya kigeni: misonobari ambayo asili yake ni Meksiko, miti ya saipresi, mikaratusi na miwati. Sababu zilikuwa za maana. Miti hiyo hukua haraka, hushika udongo na kutoa mbao zilizonyoka. Usije ukaidharau. Paa la darasa nililosomea lilikuwa la msonobari, na dawati langu pia. Marehemu baba yangu alipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, na karo yangu ya kwanza ilinuka utomvu. Nikiwa darasa la sita, sisi wenyewe tulipelekwa mlimani siku ya kupanda miti, kila mtoto na mche wake katika mfuko mweusi, tukaimba kutwa. Tulipanda misonobari. Tuliambiwa kwamba tumeurudisha msitu, nasi tuliamini.

Bibi yangu aliponiuliza jioni ile tumepanda nini, nilimwonyesha sindano za kijani nilizotia mfukoni. Akazinusa, akanirudishia.

"Mjukuu wangu," akasema, "huu ni mti mzuri wa nyumba. Lakini kijito hakiujui."

Nilicheka, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi na yeye hakusoma.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha walimu, nilikutana na hesabu ambayo ilinirudisha katika maneno yale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, wakiongozwa na Petri Pellikka, walilinganisha picha za milima ya Taita zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na zile za mwaka 2004. Walikuta kwamba eneo zima lililofunikwa na msitu lilikuwa limepungua kwa asilimia 2 tu. Mtu akisoma hapo na kufunga kitabu atashangilia. Lakini walipotenga miti ya asili na ya kigeni, waliona kwamba nusu ya msitu wa asili, kama hekta 260, ilikuwa imetoweka katika miaka hiyo 49. Misonobari na wenzake walikuwa wameijaza hesabu. Kilemba tukionacho kutoka Kishushe kilikuwa na ukubwa ule ule, walakini nusu ya kitambaa kilikuwa kimebadilishwa, na sisi tulio chini hatukujua.

Basi tuingie tukaone. Kutoka nchi za juu za Mwanda njia huendelea kuelekea Werugha, na karibu na hapo uko msitu wa Ngangao, wenye kama hekta 120. Pande nyingine za ukingo huo zimepandwa misonobari, na ndipo nipendapo kuwapeleka wanafunzi wangu. Ndani ya misonobari njia ni pana na laini. Sindano kavu zimetandikwa kama mkeka, hatua haisikiki, na shina hufuata shina katika mistari iliyonyoka. Ni mahali pazuri pa kupumzika. Huwaambia wanafunzi wanyamaze kwa dakika tano na kuhesabu sauti za ndege. Mara nyingi wanarudi na sauti moja au mbili, na upepo. Chini hakuna majani mapana yanayooza, na wadudu wa kuokotwa ni wachache.

Kisha tunavuka ukingo. Hatua ishirini tu, na joto linashuka. Njia inakuwa nyembamba, yenye mizizi, tena inateleza; mwaka uliopita mwanafunzi mmoja aliangukia mgongo na kuinuka akicheka. Miti ni ya kila umri: mkulo mkubwa wenye harufu ya kafuri, mche wake ulio sawa na kidole, gogo lililoanguka na kuota uyoga. Mahali popote pana kitu kinachodondoka. Hata siku isiyo na mvua, ukungu hushikwa na majani, kuvu na ndevu za miti, ukageuka matone, na matone hayo huingia katika udongo ulio kama sifongo. Ndiyo kazi ambayo kijito kinaijua. Hapo wanafunzi hunyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Lakini hata humo kuna majonzi yake. Yule ndege mwenye ubavu wa rangi ya kutu hapendi kutoka kivulini. Ni mara chache mno kuvuka mashamba kutoka kisiwa kimoja cha msitu hadi kingine, na watafiti waliopima damu yao wameona kwamba wale wa Mbololo wamekwisha kutofautiana na wale wa Dawida. Ndege mwingine, mdogo mwenye koo jeusi, yuko katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Visiwa vilivyokuwa vikubwa vimevunjika kuwa visiwa vidogo. Juu ya Vuria, kilele kirefu kuliko vyote chenye mita 2,208, msitu wa asili uliosalia ni kipande ambacho mtu hukizunguka kwa muda mfupi.

Nisingependa ufikiri kwamba msonobari ni adui kwa asili yake. Katika visiwa vya Kanari, ambavyo ni vya Hispania, misonobari ni mwenyeji. Mti wa huko hukamua ukungu wa bahari kwa sindano zake ndefu, na ukiungua kwa moto huchipua tena kutoka shina lake. Katika kisiwa cha La Palma msitu wa namna hiyo ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1954, na njia za miguu zinapita humo zikipendwa na wageni. Ndege na wadudu wa kule waliuzoea mti huo tangu zamani za kale. Wetu aliletwa juzi, akawekwa kwenye nyumba ya mwingine, na wenye nyumba hawajui kula naye.

Nini kifanyike? Siku hizi wapo wanaotaka misonobari iondolewe kidogo kidogo na miti ya asili ipandwe, hasa katikati ya vipande vya msitu ili ndege wapate daraja. Wapo wanaouliza, nao wana haki, mbao za madawati zitatoka wapi, na mteremko ulioachwa wazi utashikwa na nini mvua kubwa ikinyesha kabla mche wa asili haujakua. Mkulo haukui kwa haraka ya msonobari. Aupandaye leo humpandia mjukuu. Mimi naona kwamba misonobari iliyo mbali na chemchemi iendelee kutuletea mbao, na ile iliyo juu ya vijito ndiyo ianze kupisha. Ila jambo hili lisiamuliwe na watu wa juu peke yao. Watu wa Kishushe, wanaongojea maji chini, hawaonekani mara nyingi katika mikutano ya msitu, nao ni wenye msitu vile vile.

Mara ya mwisho nilipanda na wanafunzi kumi na wanne wa chuo. Ukungu ulikuwa mzito, na penye njia panda tulisimama bila kujua tushike upi. Upande wa kulia palikuwa na njia pana ya misonobari. Mzee mmoja alitokea akiwa na mzigo wa kuni begani. Tukamwamkia, akaitika kwa upole, akatuuliza tunatoka wapi. Tukamwambia, Kishushe.

"Mwalimu," akasema, "hiyo pana ni ya malori. Itawafikisha, lakini inapita katikati. Sisi tulifunzwa kuzunguka."

Akatuonyesha kwa kidole upande wa kushoto, ambako hatukuona njia yoyote, ila majani yaliyolala kidogo. Hapakuwa na fighi tena mahali pale. Miti ya zamani ilikatwa kabla sisi hatujazaliwa, na yote tuliyoyaona mbele yetu yalikuwa misonobari. Mwanafunzi mmoja alitaka kumwambia hivyo, nikamgusa mkono.

Tukamshukuru mzee, tukapita kushoto, tukazunguka.